Nyumba Yako, Kiwanja cha Mwingine: Jua Haki Zako Kabla ya Kuhama

Wakaazi wa Chaani, Magongo, Migadini na Port Reitz ni majirani wa Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Moi na bandari. Ardhi ya huku hutafutwa sana. Mtu akikujia akitaka mahali unapoishi, muulize kwanza: je, haya ni mauziano ya hiari, au serikali inatwaa kwa lazima? Njia hizi mbili hazina kinga sawa.

Utwaaji wa lazima husimamiwa na Tume ya Kitaifa ya Ardhi chini ya Sheria ya Ardhi ya 2012. Notisi huchapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na baada ya siku zisizopungua 30 hufanyika kikao cha kusikiliza madai. Fidia ni thamani ya soko pamoja na asilimia 15 ya usumbufu. Mali ya shilingi milioni 2 huongezewa shilingi 300,000.

Katika mauziano ya hiari, bei ni makubaliano. Una uhuru wa kukataa, lakini ile asilimia 15 haiji yenyewe; ni lazima uidai mkiwa mezani, pamoja na gharama za kuhama.

Jambo hili linawagusa zaidi wenye nyumba zisizo na ardhi. Hapa Mombasa wengi wamejenga kwenye kiwanja cha mwingine na humlipa kodi ya ardhi. Hatimiliki ina jina la mwenye kiwanja. Akiuza kwa hiari, pesa zote zaweza kuishia kwake, na aliyejenga akabaki na mabati na mbao. Katika utwaaji wa lazima, Kifungu cha 40(4) cha Katiba kinaruhusu wanaoishi kwenye ardhi kwa nia njema kulipwa fidia hata bila hatimiliki. Kifungu hicho hakigusi mauziano ya hiari.

Kwa hivyo, kabla ya kutia sahihi:

1. Kusanya stakabadhi za kodi ya ardhi, makubaliano ya kujenga, na bili za maji na stima. Piga picha za nyumba.

2. Omba rekodi za kiwanja kwa msajili wa ardhi, ujue mwenyewe ni nani.

3. Tafuta mthamini aliyesajiliwa. Nyumba na kiwanja zithaminiwe kila kimoja peke yake.

4. Hakikisha mkataba umeandikwa, una shahidi, na unamtaja mwenye nyumba. Nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya mume na mke.

5. Wape wapangaji notisi mapema.

6. Hesabu maisha ya uendako: shule, zahanati, nauli ya kazini.

Ikiwa ni utwaaji wa lazima, wasilisha dai lako kwa maandishi kabla siku ya kikao haijapita. Mzozo wa utwaaji wa lazima huanzia kwenye Baraza la Utwaaji wa Ardhi (Land Acquisition Tribunal), na rufaa huenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi, ambayo iko hapa Mombasa.

Usivunje ukuta kwa ahadi. Pesa zikiingia, ndipo uhame.