Somo la Afya ya Akili: Mshauri Nasaha Hufanya Kazi Gani?

Wakazi wengi wa Mundika wakisikia habari za mshauri nasaha huuliza: "Huyo atanisaidia nini, ikiwa hana dawa wala hanipi pesa?" Swali hilo ni la haki, na jibu lake tunaweza kulipata kwa majirani zetu wa ng'ambo ya mpaka.

Funzo kutoka Uganda

Mwaka 2002, watafiti walifanya jaribio katika vijiji 30 vya Rakai na Masaka, eneo lililoumizwa vibaya na UKIMWI. Kabla ya hapo, wanakijiji walikuwa wameulizwa jinsi wao wenyewe wanavyoeleza sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka. Walitaja hali mbili: mtu kujichukia, na mtu kujihurumia kupita kiasi.

Wenyeji wasio madaktari walipewa mafunzo ya wiki mbili, kisha wakaongoza vikundi, wanaume kwao na wanawake kwao. Kila kikundi kilikutana mara moja kwa wiki, dakika 90, kwa wiki 16. Tiba ilikuwa mazungumzo. Mwishoni, waliobaki na sonona katika vikundi hivyo walikuwa chini ya 7 kati ya 100. Katika vijiji ambavyo havikupata huduma, walikuwa zaidi ya 54 kati ya 100.

Mambo manne yanayotafutwa

Njia iliyotumika huanza kwa kutafuta chanzo cha huzuni katika mambo manne: kufiwa, ugomvi na mtu wa karibu, mabadiliko makubwa ya maisha, na upweke.

Tuseme mwendesha bodaboda amefiwa na mkewe. Halali, hali vizuri, na kazini haendi. Mshauri hatamwambia, "Jikaze, wewe ni mwanamume." Atamuuliza hali hii ilianza lini, na ni nani anayezungumza naye nyumbani. Atamuuliza pia waziwazi kama amewaza kujiua. Kuuliza hivyo hakumtii mtu wazo hilo. Humpa nafasi ya kulisema.

Kisha wataafikiana jambo moja dogo la kufanya wiki hiyo, kama vile kwenda kwa shemeji yake kuzungumza kuhusu malezi ya watoto. Wiki inayofuata watatazama lililowezekana na lililoshindikana. Mshauri hamwamulii mtu maisha yake. Humsaidia aweze kuamua mwenyewe.

Mjue mshauri wako

- *Elimu na usajili.* Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya mwaka 2014 inataka mshauri awe na elimu ya kazi hiyo na asajiliwe. Una haki ya kumwomba cheti chake.
- *Siri.* Unayosema hayatoki nje, isipokuwa maisha yako au ya mtu mwingine yakiwa hatarini. Mshauri mwema hukueleza hili siku ya kwanza.
- *Mipaka.* Mshauri haandiki dawa. Ukisikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au ukishindwa kabisa kula na kulala, atakuelekeza kwa daktari.

Usiogope kusema

Kwa miaka mingi, kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, na hofu hiyo iliwanyamazisha wengi. Tarehe 9 Januari 2025, Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Anayefikia hali hiyo anahitaji matibabu, si pingu.

Uanzie wapi?

Huzuni ikizidi wiki mbili na kukuzuia kufanya kazi zako, mweleze mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako, au fika katika zahanati iliyo karibu. Mambo yakiwa ya dharura, piga simu 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, haitozwi malipo. Na jirani akikufungulia moyo wake, msikilize mpaka amalize, kisha msindikize kutafuta huduma.