Mafuta Yanakwenda Wapi?

Tulikuwa tumesimama Segera, safari ya Desemba ya kwenda Arusha, watu wanane ndani ya gari moja la familia lenye safu tatu za siti na mizigo imepangwa hadi kwenye kioo cha nyuma. Nilikuwa najaza tena tangi ili nipime gari limekula kiasi gani tangu Dar es Salaam. Mama mkwe wangu, amepakata mfuko wa machungwa ya Muheza, aliangalia namba za pampu zinavyokimbia, kisha akaniuliza kwa upole: "Baba, tumejaza Dar, tunajaza tena hapa. Mafuta yote haya yanakwenda wapi?"

Nafundisha fizikia, na sidhani kama nimewahi kuulizwa swali zuri kuliko hilo darasani. Nilimjibu, "Hayajapotea, Mama. Yamegeuka vitu vingine." Kutoka hapo hadi Same tulizungumza hayo tu, na ninayoandika hapa ni mazungumzo yale yale, ila sasa nimeyawekea hesabu.

Tuanze na kipimo. Chukua chenza dogo la gramu 100, uliinue kutoka sakafuni hadi urefu wa mita 1. Kazi uliyofanya ni takriban juli 1. Lita moja ya petroli ina nishati ya juli milioni 32 hivi. Ni machenza milioni 32 yaliyoinuliwa mita moja, yamekaa ndani ya chupa ambayo ungeweza kuibeba kwa mkono mmoja! Ndiyo maana dunia imeshindwa kuachana na petroli kirahisi.

Lakini injini haiwezi kuitumia yote. Mwaka 1824 Mfaransa Sadi Carnot alionyesha kwamba mashine yoyote inayogeuza joto kuwa mwendo lazima iache sehemu ya joto hilo iende zake. Katika gari la petroli la kawaida, likiwa kwenye mwendo mzuri wa safari, robo tu ya nishati ndiyo hufika kwenye magurudumu. Iliyobaki hutoka kwa rejeta na kwa ekzosi. Kwa hiyo kwa kila lita tuliyolipia tulikuwa na juli milioni 8 za kufanyia kazi. Jibu la kwanza la swali la Mama ni hilo: robo tatu ya mafuta yake ilikwenda kupasha joto anga la Tanga.

Ile robo iliyobaki ndiyo yenye mambo.

Mdai wake wa kwanza ni hewa. Sisi hatuioni, kwa hiyo tunaidhania si kitu, ila mita moja ya ujazo ya hewa ina uzito wa karibu kilo 1 na gramu 200. Gari letu kwa mbele lina eneo la kama mita 2.6 za mraba, kwa kuwa limejengwa kama sanduku ili watu wakae wima na mizigo ipate nafasi. Likitembea kilomita moja linapita mahali palipokuwa na mita 2,600 za ujazo za hewa, yaani tani tatu za hewa za kusukumwa kando, kila kilomita. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, msukumo wa hewa dhidi ya gari la umbo hilo ni takriban nyutoni 255. Ukifika 100 unakuwa karibu 400. Mwendo umeongezeka kwa robo, lakini upinzani umepanda kwa zaidi ya nusu, kwa sababu upinzani wa hewa hukua kwa kipeo cha pili cha mwendo. Mwenye gari dogo la chini naye hulipa deni hili, lakini sisi wa masanduku tunalipa zaidi. Anayesema gari lake la familia "halina ulaji mzuri" huku akikimbiza 120 apunguze hadi 90 kwa tangi moja tu, kisha apime upya.

Mdai wa pili ni tairi. Hapo Segera nilizunguka gari nikiweka kiganja kwenye kila tairi, jambo lililomshangaza shemeji yangu. Matatu yalikuwa na uvuguvugu. La nyuma kushoto lilikuwa la moto kiasi kwamba mkono ulitaka kujiondoa wenyewe. Mpira unapogusa lami unabonyea, ukiondoka unarudi ulivyokuwa, lakini haurudishi nishati yote uliyopewa, nyingine inabaki ndani yake kama joto. Upepo ukipungua, tairi linabonyea zaidi na kupata joto zaidi. Tulipopima, lile la moto kweli lilikuwa limepungukiwa. Pamoja na watu na mizigo gari letu lilikuwa na kama kilo 2,100, na kwa uzito huo matairi mazima yenye upepo sahihi hudai karibu nyutoni 250, sawa na hewa kwa mwendo wa 80. Petroli tunayoipeleka kwenye matairi inafika bila sauti yoyote, na ni kiganja tu kinachoweza kuigundua.

Jumlisha hizo mbili: nyutoni 500 kwa mita 1,000 ni juli laki tano kwa kilomita. Kwa hesabu hiyo tungepata kilomita 16 kwa lita, lakini sisi tulipata 11. Tofauti iko wapi?

Sehemu kubwa iko kwenye matuta. Gari la kilo 2,100 likiwa kwenye mwendo wa 50 lina nishati ya mwendo ya juli laki mbili. Ukikanyaga breki mbele ya tuta, karibu yote inakuwa joto kwenye diski. Ukishavuka inabidi uinunue tena, na kwa injini inayotoa robo hiyo ni mililita 25 za petroli, karibu vijiko viwili vya chakula. Matuta 40 ni lita nzima. Sisemi matuta yaondolewe, maana watoto wanavuka pale kwenda shule. Nasema uyaone mapema, uachie mafuta, gari lipungue lenyewe kabla ya breki. Foleni ya Kimara, kule Dar, nayo ni hesabu hiyo hiyo kwa mwendo mdogo, ukiongeza kwamba injini ya lita 2 ikinguruma imesimama na AC imewashwa hula lita moja au zaidi kwa saa bila kusogea hata hatua.

Halafu kuna mlima usioonekana. Dar iko usawa wa bahari, Arusha iko kama mita 1,400 juu. Barabara inapanda taratibu mno hata dereva hajui kama anapanda. Kuinua kilo 2,100 hadi kimo hicho ni karibu juli milioni 29, yaani zaidi ya lita tatu na nusu kwa injini yetu. Tuliporudi Januari, tukiwa na uzito ule ule (ndizi na maharage vilichukua nafasi ya zawadi), gari lilitupa 12 kwa lita. Wengi wakiona hivyo humshuku mwenye kituo cha mafuta cha upande mmoja. Ukweli ni kwamba wakati wa kwenda tuliweka akiba juu, na wakati wa kurudi tukaitumia. Ila usishuke na gia ikiwa fri ukidhani unabana matumizi. Gari la mfumo wa EFI, ambalo petroli yake hupimwa na kompyuta, likiwa kwenye gia na mguu umetoka kwenye mafuta, kompyuta hukata petroli kabisa. Likiwa fri, injini inaendelea kula ili isizime, na breki inabaki peke yake.

Kuhusu kupima kwenyewe, neno moja. Jaza hadi pampu ikate, rudisha kihesabu cha safari kwenye sifuri, tembea, kisha jaza tena hadi ikate. Pampu inaweza kukata lita moja mapema au kuchelewa. Ukipima kwa lita 10, kosa hilo ni asilimia 10. Ukipima kwa 50, ni asilimia 2. Anayeweka elfu ishirini kisha anatangaza kilomita ngapi kwa lita anatangaza bahati yake.

Baada ya Korogwe Mama aliniuliza jingine. Aliwahi kupanda gari hili tukiwa watatu tu, likamrusha kwenye kila shimo. Sasa limejaa na limetulia. Je, mzigo unalifaa?

Unalifaa, na sababu yake inapendeza. Funga embe kwenye mpira wa manati uliache lining'inie, kisha livute na kuliachia: litapanda na kushuka kwa mapigo fulani. Ongeza embe la pili, mapigo yanakuwa ya polepole. Springi za nyuma za gari la watu wanane zimewekwa ngumu ili zisilale likijaa. Tuseme ekseli ya nyuma inabeba kilo 700 gari likiwa tupu na 1,050 likijaa. Springi ni zile zile, kwa hiyo mapigo yanaweza kushuka kutoka 1.7 kwa sekunde hadi karibu 1.4. Mwili wa binadamu umezoea mapigo ya namna hiyo tangu kujifunza kutembea, kwa kuwa kila hatua hutupandisha na kutushusha. Zaidi ya hapo, teke lile lile la shimo likipiga kilo nyingi zaidi linazisogeza kidogo. Ndiyo maana sifurahii mtindo wa kuinua magari haya kwa springi ngumu zaidi. Unapata nafasi chini, lakini siku unapotembea peke yako, ambazo ndizo nyingi, unapanda punda.

Suala hili la springi lilishachunguzwa: mwanzoni mwa miaka ya 1930, Mwingereza Maurice Olley, akiwa Cadillac kule Marekani, alitengeneza gari lenye vyuma vya uzito vya kuhamishwa mbele na nyuma, akawa anapanda na kusikiliza mwili wake unasemaje. Aligundua kwamba springi za mbele zikiwa laini kuliko za nyuma safari hutulia. Gurudumu la mbele hupanda tuta kwanza, la nyuma hufuata. La nyuma likiwa na mapigo ya haraka kidogo linalifikia la mbele, na gari linapanda na kushuka kama meza badala ya kuinama na kuinuka kama ngalawa.

Anayepata taabu ni wa siti ya mwisho. Amekaa karibu na ekseli ya nyuma, haoni barabara, siti za mbele yake zimemzibia. Sikio lake la ndani linamwambia tunapunguza mwendo, tunakata kona, tunaongeza; macho yake yanaona mgongo wa siti uliotulia tuli. Ubongo ukipokea habari mbili zisizopatana, tumbo linachafuka. Binti yetu mdogo alitapika kabla ya Mombo. Tulimhamishia siti ya katikati, akae anapoona lami mbele, naye akafika Arusha salama.

Kwenye rasta, ile mistari iliyoinuliwa barabarani, kuna siri nyingine. Gurudumu lenyewe, lililobanwa kati ya tairi na springi, lina mapigo yake, kama 10 hadi 15 kwa sekunde. Tuseme mistari ya rasta imeachana nusu mita. Kwa mwendo wa 20 unagonga mistari 11 kwa sekunde, yaani unalisukuma gurudumu kwa mapigo yake lenyewe, kama kumsukuma mtoto bembea kila anaporudi. Mtikisiko unakua. Kazi ya shokapu ni kuumeza mtikisiko huo kwa kusukuma mafuta yaliyo ndani yake kwenye matundu madogo hadi yapate joto. Ikiwa imechoka, gurudumu linadunda na bushi ndizo zinazopigwa.

Hapo ndipo tulipousikia mlio: ko-ko-ko, mbele kulia, kwenye kila rasta. Fundi mmoja wa Moshi alinyanyua gurudumu, akashika kile kifimbo kinachounganisha stabilaiza na shokapu, akakitikisa kwa vidole viwili. Kiungo chake cha duara kilicheza kidogo sana, labda milimita moja. Kelele yote ile kutoka milimita moja! Mpira na grisi vikiwa vizima, pigo linasambazwa kwenye muda mrefu na nguvu yake inabaki ndogo. Vikiisha, chuma kinakutana na chuma, muda unakuwa mfupi mno, na nguvu ya pigo inapanda kwa kadiri hiyo hiyo. Bodi la gari, lililo wazi ndani kama ngoma, linaipeleka sauti hadi siti ya mwisho.

Mlango wa kuvuta pembeni ulikuwa na shida ya aina hiyo, ila ya polepole. Ulikuwa mzito kufunga, na wote tulikuwa tumezoea kuubamiza. Nilipiga magoti nikapitisha mswaki wa zamani kwenye reli ya chini: likatoka tope jeusi la grisi iliyochanganyika na mchanga. Kila aliyeipaka grisi bila kuisafisha kwanza alikuwa anatengeneza msasa. Tulisafisha, tukakausha, tukapaka kidogo, na binti yule yule akaufunga kwa mkono mmoja.

Kifimbo kipya kilipofungwa kelele ilikwisha, na Mama akatarajia mafuta yapungue pia. Hayakupungua hata kidogo. Mtu anayezungumza kawaida hutoa sauti yenye nguvu ya takriban sehemu moja ya laki moja ya wati. Sikio ni jepesi mno, linasikia kilicho kidogo kuliko tunavyodhani. Magurudumu yetu kwa mwendo wa 80 yalidai zaidi ya wati elfu 11. Kile kiungo kilichotusumbua kwa kilomita 500 hakikuwa kimekula hata tone la kupimika. Lile tairi la nyuma kushoto, ambalo hakuna aliyelisikia, ndilo lililokuwa likila tangu Dar.

Asubuhi ya kurudi, kabla sijatoa funguo mfukoni, nilimkuta Mama anazunguka gari, kiganja juu ya tairi moja baada ya jingine. Nilimwambia kwamba yakiwa yamelala usiku kucha yote yana ubaridi mmoja, asubiri Same.

Same tulisimama. Akashuka wa kwanza.