Faini ya maegesho chuoni: naweza kuipinga?

Swali: Nasoma chuo kikuu cha umma Nairobi. Walinzi walifunga gurudumu la gari langu wakanitoza faini, ilhali mstari wa maegesho umefutika. Nifanyeje?

Jibu: Ipinge, tena kwa maandishi. Kifungu cha 47 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinakupa haki ya kuelezwa sababu kwa maandishi pale uamuzi wa kiutawala unapogusa haki yako, na sheria ya 2015 ya kukitekeleza inadai usikilizwe. Watakwambia ulizikubali kanuni za chuo uliposajiliwa. Ni kweli, lakini rangi iliyolika hadi ikabaki lami tupu haimwongozi dereva yeyote. Piga picha leo, kabla hawajapaka upya: mstari, bango lililo karibu, na karatasi ya faini yenye saa. Usiombe huruma, wadai wakuonyeshe kanuni uliyovunja.