Maumbo ya Kale ya Vitenzi Katika Methali Zinazohusu Tabia za Watu

Mwanafunzi, soma methali hii kwa sauti: Kikulacho ki nguoni mwako. Sasa iseme jinsi inavyoweza kusemwa kwenye stegi ya 56 kule Kawangware au pale Olympic, Kibera: "Kitu yenye inakukula iko kwa nguo yako." Maneno manne yamekuwa saba, na mdundo umepotea.

Methali huhifadhi maumbo ya vitenzi ambayo mazungumzo ya kila siku ya Nairobi yameyaacha. Jambo hili haliko katika Kiswahili pekee. Kiingereza cha enzi za Shakespeare kilikuwa na viishio vya vitenzi ambavyo leo husikiki mitaani London, ila katika misemo ya hekima na maandiko ya zamani. Kwako wewe mtahiniwa, maumbo haya yana uzito wa alama. Yanatahiniwa katika sarufi (Karatasi ya 2), yanaongoza insha ya methali (Karatasi ya 1), na yanakusaidia kuifasiri fasihi (Karatasi ya 3).

1. Kirejeshi tamati
Changanua kitenzi kikulacho: ki-ku-l-a-cho.
ki – kiambishi cha ngeli (KI-VI)
ku – mtendwa, nafsi ya pili umoja
l – mzizi
a – kiishio
cho – kirejeshi
Je, kiambishi cha wakati kiko wapi? Hakipo. Kitu hiki hakikukula jana tu wala hakitakula kesho tu. Ndivyo kilivyo siku zote. Mtaani tunasema "yenye" au "mwenye" na kuongeza wakati: "mtu mwenye anabebwa". Methali husema abebwaye hujikaza.

2. Kitenzi kishirikishi kipungufu
Neno ki katika "ki nguoni" si kiambishi kilichosahaulika. Ni kitenzi kamili kinachomaanisha "kiko". Mtego mkubwa zaidi umo katika Aliye juu mngoje chini. Watahiniwa wengi huandika kuwa li ni kiambishi cha wakati uliopita. Sivyo. Hapa li ni shina la kale la kitenzi "kuwa". "Aliye juu" ni mtu ambaye yuko juu sasa. Kama angekuwa ameshashuka, tungesema "aliyekuwa juu", na hapangekuwa na haja ya kumngoja.

3. Hu- ya mazoea
Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Kiambishi hu- hakichukui nafsi wala ngeli: mimi husoma, wao husoma, maji hufuata. Nairobi tumezoea kuongeza "-nga" mwishoni: "yeye hukulanga". Usiiandike hivyo katika mtihani. Vilevile, usiichanganye na hu- ya ukanushi wa nafsi ya pili, kama katika "husomi". Ukiombwa kukanusha "Mama hupika", jibu ni "Mama hapiki".

4. Wakati usiodhihirika (-a-)
Ukiona vyaelea, vimeundwa. Vi + a + elea hutoa vyaelea. Ukiandika "vinaelea", umetaja vyombo vinavyoelea wakati huu mbele ya macho yako. Ukiandika "vyaelea", hujafunga wakati wowote. Tofauti ni ndogo kwa sikio, lakini methali imelenga kila chombo na kila fundi.

5. Ka- ya nafsi ya tatu
Mla, mla leo; mla jana kala nini? Usiseme kuwa ka- hii ni ya mfuatano wa matukio, kama katika "alienda akanunua". Hapa kala ni "amekula". Nalo neno mla ni nomino iliyozaliwa na kitenzi, sawa na mtaka katika "mtaka cha mvunguni" na mchimba katika "mchimba kisima". Nomino hizi bado hubeba yambwa kama vitenzi.

Umbo linavyoongoza maana
Chukua insha ya "Kikulacho ki nguoni mwako". Mtahiniwa akisimulia majambazi wageni waliovamia duka karibu na soko la Toi, atakuwa amepotoka, hata kama lugha yake ni tamu. Kiambishi ku kinakutaja wewe, na "ki nguoni mwako" inasema adui yuko karibu kama chawa. Kisa kinachofaa ni cha mweka hazina wa chama, ambaye wanachama humwamini kama ndugu, naye huchota akiba yao kidogo kidogo. Tena, kwa kuwa kitenzi hakina wakati, uonyeshe tabia iliyojengeka na si kosa la siku moja.

Katika fasihi, tazama anwani "Tumbo Lisiloshiba", hadithi ya Said Ahmed Mohamed. Lisiloshiba: li-si-lo-shib-a. Pia hapa hakuna wakati. Kama anwani ingekuwa "tumbo ambalo halijashiba", tungetarajia kwamba siku moja litashiba. Umbo la kale linafunga tumaini hilo. Ndiyo maana wakazi wa Madongoporomoka, akiwemo Mzee Mago, hawawezi kuituliza tamaa ya wakubwa kwa kuachia kipande kimoja cha ardhi. Msomaji wa Kibera aliyeshuhudia nyumba na shule zikibomolewa Julai 2018 kupisha barabara hahitaji kuelezwa uchungu wa kuhamishwa. Anachohitaji ni kuuthibitisha kutoka katika matini. Andika: "Kirejeshi kikanushi kisicho na wakati kinaonyesha kuwa tamaa ni tabia ya kudumu." Kisha toa tukio moja la hadithini kuthibitisha.

Zingatia
Lugha ya mtaani si kosa. Ina mahali pake. Wala usiamini kuwa methali ni mali ya watu wa Pwani peke yao na wewe wa Kawangware umeazimwa tu. Kila unapoweza kusema methali kwa njia zote mbili, ile ya stegi na ile ya kale, na kueleza kilichobadilika, umeielewa kuliko aliyeikariri.

Zoezi
(a) Changanua mofimu: wapatanao, asiyefunzwa. (alama 4)
(b) Eleza matumizi ya li katika: Aliye juu mngoje chini, Alianguka chini. (alama 2)
(c) Kanusha: Wazee hushauriana. (alama 1)
(d) Andika upya kwa kirejeshi tamati: Watu ambao hugombana ndio ambao hupatana. (alama 2)
(e) Andika kisa kitakachooana na methali: Ukiona vyaelea, vimeundwa. (alama 20)