SOMO LA VIKUNDI: NGOZI YA KICHWA KWANZA, NYWELE BAADAYE

Kila tunapozuru vikundi vya akina mama tunaulizwa swali lile lile: ni mafuta gani yanayokuza nywele? Wengine wametumia hata zamu yao ya merry-go-round kununua mikebe ya mafuta, na nywele bado zinakatika. Leo tunawaomba tuanzie upande mwingine. Nywele tunazoziona hazina uhai, ndiyo maana tukizikata hatusikii uchungu. Kilicho hai ni mzizi, nao umo ndani ya ngozi. Kwa mwezi mmoja unywele hukua karibu sentimita moja tu. Mafuta husaidia unywele usikauke na kuvunjika, na hiyo ni kazi nzuri, lakini hayaponyi mzizi ulio mgonjwa. Basi kabla ya kununua mkebe mwingine, hebu tuangalie ngozi yenyewe.

Tuanze na watoto, maana wao ndio huumia zaidi. Ugonjwa unaowasumbua ni mapunye, wengine huita choa au mashilingi. Mtaona mabaka ya mviringo kichwani, yenye magamba meupe, na nywele zimekatikia karibu na ngozi. Mtoto hujikuna, na pengine tezi za shingo huvimba. Si mdudu wala si uchafu wa nyumba. Ni kuvu, jamii moja na ule ukungu unaoota kwenye mkate uliokaa. Huenda kutoka kichwa hadi kichwa kwa kitana, mashine ya kunyoa, kofia, kitambaa cha kichwa, taulo na mto wa kulalia. Paka na mbwa pia wanaweza kumpa mtoto.

Hapa ndipo wazazi wengi hupotea njia. Wengine humkwangua mtoto kwa jiwe mpaka damu itoke, kisha wampake parafini au maji ya betri. Jameni, tuache! Maji ya betri ni asidi. Yanachoma ngozi, na mahali palipoungua vibaya hapaoti nywele tena. Wengine hununua krimu dukani. Krimu husaidia mashilingi ya mkononi au mgongoni, lakini ya kichwani haifiki, kwa sababu kuvu imeingia ndani ya unywele hadi chini ya ngozi. Kunyoa peke yake pia hakuponyi, kwa sababu hiyo hiyo.

Dawa ya mapunye ni ya kumeza. Mpeleke mtoto kwenye dispensari au kituo cha afya. Mara nyingi atapewa tembe za griseofulvini, kwa kipimo cha uzito wake, kwa muda wa wiki sita hadi nane. Ampe pamoja na chakula chenye mafuta, kama maziwa au parachichi, ndipo mwili uipokee vizuri. Wiki ya tatu kichwa kitaanza kupendeza na mama atasema, "Amepona, tembe zilizobaki nitamwekea ndugu yake." Hapana. Akiacha mapema, ugonjwa unarudi. Na huyo ndugu naye aangaliwe vichwa vyao wote wakiwa pamoja, la sivyo wataambukizana mwaka mzima. Mama mjamzito asinywe dawa hii. Mtoto aliyekwisha kuanza matibabu hana sababu ya kukosa shule.

Pengine kichwa huvimba, kikawa laini kama jipu, na usaha ukatoka. Msikipasue wala kukikamua. Hayo bado ni mapunye, ila yamekuwa makali. Huyo apelekwe siku hiyo hiyo, kwa maana uvimbe huo ukicheleweshwa huacha kovu, na kwenye kovu hapana mzizi.

Neno kwa vikundi vya vijana vyenye kinyozi. Mashine yenu inaweza kuwa baraka au inaweza kusambaza mapunye kijiji kizima. Baada ya kila mteja, pigeni brashi nywele zote zitoke, kisha mpanguse meno ya mashine kwa spiriti. Vitana vioshwe kwa sabuni, kisha viloweshwe dakika kumi katika Jik, kipimo kimoja kwa vipimo tisa vya maji. Wembe ni wa mtu mmoja, kisha unatupwa. Damu kidogo tu kwenye wembe inaweza kubeba virusi vya Ukimwi au vya homa ya ini.

Sasa akina mama na wasichana. Kuna ule msuko unaovuta mpaka macho yanakuwa madogo! Msusi anasifiwa kwamba mkono wake unashika, na aliyesukwa anameza dawa ya maumivu ili apate usingizi. Uchungu huo ni mzizi unaong'olewa polepole. Dalili ni vipele kwenye shina la nywele, kisha nywele za paji la uso na za karibu na masikio zinapungua. Hapo bado kuna nafasi: fungua, acha kuvuta, na nyingi zitarudi. Lakini ukiendelea miaka na miaka, mizizi inakuwa kovu, na hakuna mafuta duniani yatakayozirudisha. Mwambie msusi alegeze, hasa pembeni. Rasta nzito zisikae zaidi ya wiki sita au nane, kisha kichwa kipumzike. Kwa watoto wadogo, matuta machache yaliyolegea yanatosha.

Dawa ya kulainisha nywele nayo ina nguvu ya kuchoma. Kuwashwa si dalili kwamba "imeshika". Ni dalili ya kuioga maji mengi mara moja. Isitiwe kwenye kichwa chenye kidonda au kilichokunwa, na nywele zisisukwe siku hiyo hiyo.

Mba si jambo kubwa, ila wengi huudhani ni ukavu na kuumwagia mafuta. Kumbe vijidudu vyake hula mafuta. Osha kichwa mara nyingi zaidi, na mafuta yapake nywele, siyo ngozi.

Mama aliyejifungua akiona nywele zinatoka kwa wingi mwezi wa tatu hivi, asishtuke. Kwa kawaida hurudi kabla ya mtoto kutimiza mwaka mmoja. Lakini mtoto ambaye nywele zake zimekuwa nyekundu, laini, na zinang'oka kwa urahisi, huenda anakosa chakula cha kutosha. Apelekwe kliniki akapimwe uzito.

Ya kufanya kikundini: kabla ya mkutano ujao, kila mmoja akague vichwa vya watoto wa nyumbani kwake mchana, kwenye mwanga wa jua. Hesabuni wangapi wana mabaka, wangapi walishapata dawa, na wangapi waliiacha katikati. Mkipata watoto kadhaa, ombeni mhudumu wa afya wa kijiji awasindikize pamoja siku moja. Kisha zungumzeni: msusi wenu anaambiwaje "punguza" bila kukasirika? Na kinyozi cha karibu, nani atakwenda kuuliza kama kina spiriti?