Kimbunga kimepiga kule aliko mtoto wako na simu haiingii: soma hii kabla hujatuma pesa

Msimu wa vimbunga katika Bahari ya Atlantiki huanza tarehe 1 Juni na kuisha tarehe 30 Novemba. Hiyo ingekuwa habari ya kupita tu kwenye runinga, lakini wengi wetu tuna mtu Texas, au Florida, au North Carolina. Mwaka wa 2024 Wakenya walio nje walituma nyumbani zaidi ya dola bilioni 4.9, na Marekani ndiyo iliyoongoza. Kwa hivyo kimbunga kikipiga Houston, kuna nyumba Kiambu, Kisii na Eldoret ambazo hazilali.

Leo tunataka kuongea juu ya zile saa za kwanza, unapopiga na kupiga na simu haiingii. Ndizo saa ambazo watu hutapeliwa, hata watu makini ambao siku nyingine hawawezi kudanganywa na mtu yeyote.

Kwa nini simu inanyamaza

Chukua kimbunga Beryl. Kilifika pwani ya Texas karibu na mji wa Matagorda Jumatatu tarehe 8 Julai 2024, mwendo wa saa kumi alfajiri ya huko. Hapa kwetu ilikuwa saa sita mchana. Kwa nguvu kilikuwa daraja la 1 tu, kati ya madaraja 5. Hata hivyo kilikata stima kwa wateja zaidi ya milioni 2 katika eneo la Houston, na wengine walikaa gizani zaidi ya wiki, kwenye joto la Julai.

Stima ikienda, waifai ya nyumbani inazima papo hapo. Simu inabaki na chaji iliyokuwa nayo usiku ule. Mlingoti wa mtandao una betri, lakini ni betri ya saa chache. Baada ya hapo unategemea jenereta, na jenereta inataka mafuta ambayo lori haliwezi kuleta ikiwa miti imeangukia barabara. Ile milingoti michache inayobaki hewani inabeba mji mzima unaopiga simu kwa wakati mmoja.

Kwa hivyo ile tiki moja ya WhatsApp ina maana moja tu: ujumbe haujafika kwenye simu yake. Haisemi yuko salama, wala haisemi ameumia. Pia kumbuka saa. Kwa sehemu kubwa ya msimu wa vimbunga tunawatangulia watu wa Texas kwa saa nane, kwa hivyo ukipiga saa mbili asubuhi kwako, kwake ni saa sita usiku. Huenda amelala tu.

Badala ya kupiga mara arobaini, tuma meseji ya kawaida, ile SMS, isiyo ndefu: "Uko salama? Jibu NDIYO tu." SMS haihitaji intaneti, na simu ikiwa imezimwa mtandao huendelea kujaribu kuifikisha kwa muda. Halafu kaeni kama familia mchague mtu mmoja wa kuwasiliana naye. Mama akipiga, shangazi akipiga, binamu watano wakipiga, chaji ya yule mtoto inaisha kwa kuwajibu nyinyi, na akihitaji kuita msaada hana simu. Huyo mmoja akipata habari, awaambie wengine kwenye grupu.

Meseji ambayo si ya mtoto wako

Sasa tuje kwa wakora. Meseji yao inakuja hivi, au karibu na hivi:

"Shikamoo mama. Mimi ni rafiki ya Brian tunaishi naye hapa Houston. Simu yake imeingia maji. Ameumia, yuko hosi na wanataka dipositi ndio watibu. Tuma 18,500 kwa hii laini ya kaka yangu Nairobi, atanitumia dola saa hii. Tafadhali haraka mama."

Hebu tuisome polepole, maana mama aliyekaa siku mbili bila habari hawezi kuisoma polepole.

Jina Brian na mji wa Houston si siri. Labda wewe mwenyewe uliandika Facebook, "Mungu mlinde mwanangu Brian huko Houston," na watu wakajibu Amina. Mkora naye alisoma. Usiandike huko namba yako, wala namba ya mtoto, hata kama ni grupu ya watu wa kijijini kwenu.

Halafu dipositi. Hapa nyumbani tumezoea kuambiwa lete dipositi kwanza, na ndiyo sababu uongo huu unaingia vizuri hivyo. Lakini Marekani ina sheria ya tangu 1986 inayozitaka karibu hospitali zote zenye kitengo cha dharura kumpima na kumtuliza mgonjwa wa dharura bila kungoja malipo. Bili huja baadaye, na huwa kubwa kweli, lakini haiji kwa njia ya meseji kwa mama yake Githunguri.

Na zaidi ya yote, namba. Mtu aliyekwama Houston ana faida gani na shilingi zilizoingia kwa laini ya Kenya ya mtu usiyemjua? Mji ukiwa hauna stima, hata mashine za kadi na ATM nyingi hazifanyi kazi. Dharura inayotaka shilingi zako ndani ya dakika kumi, hapa Kenya, ni dharura ya huyo aliyekuandikia.

Ukiwa bado na shaka, uliza swali ambalo jibu lake haliko mtandaoni. Usiulize siku ya kuzaliwa. Uliza, "Brian alivunja nini cha shosho akiwa darasa la nne?" Rafiki wa kweli atasema ngoja nimuulize. Mkora atakuwa mkali, atakuambia unamchelewesha mtoto wako afe. Siku hizi hata sauti ya mtu inaweza kuigwa kwa kompyuta, kwa hivyo swali hilo uliza hata ukisikia sauti unayoijua.

Kama umeshatuma, piga huduma kwa wateja saa hiyo hiyo ukiwa na kodi ya muamala. Dakika zina maana hapa: pesa ambayo haijatolewa kwa ajenti tunaweza kuizuia, lakini ikishatolewa kuirudisha ni kazi ngumu sana. Piga ripoti polisi pia. Na jihadhari na mtu wa pili atakayekupigia akisema anarudisha pesa yako, akuombe PIN. Huyo ni yule wa kwanza amerudi. Sisi hatuulizi PIN ya mteja.

Siku zikipita bila habari, Ubalozi wa Kenya ulioko Washington ni mahali pa kuuliza. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya nalo husaidia kutafuta jamaa waliopoteana kwa sababu ya maafa, bila malipo. Ulizia pia kazini kwake na kanisani kwake, ndiyo maana ni vizuri kuwa na namba hizo zimeandikwa kwenye karatasi mapema.

Akipatikana

Sasa ndipo pesa inaweza kufaa. Muulize yeye mwenyewe anaweza kuipokeaje, jina liwe kama lilivyo kwenye kitambulisho chake, na utume kidogo kwanza uone imefika.

Kuna jambo moja familia husahau. Wengi wa watoto wetu huko hulipwa kwa saa, wakiwalea wazee au wakifanya kazi za ghala. Wiki moja bila stima inaweza kuwa wiki moja bila mshahara, na kodi ya nyumba iko palepale. Vimbunga vikali hutokea zaidi kati ya Agosti na Oktoba, wakati ule ule wa karo ya muhula wa tatu. Kama karo hiyo ilikuwa itoke kwake, usingoje akuambie hana. Nenda uongee na shule mapema, omba kulipa kwa awamu, halafu mpigie umwambie tayari umeongea nao.