Moto wa Malisho na Majira ya Mvua

Tangu kale mfugaji hutumia moto kuondoa majani makavu yasiyolika, kupunguza kupe na kuzuia vichaka visienee. Lakini moto uliofaa mwaka mmoja waweza kuwaletea ng'ombe njaa mwaka mwingine. Sababu ni mvua.

Mvua zikiwa nyingi, majani hurefuka, na kiangazi kikifika moto hupata chakula tele. Mvua zikiwa haba, majani huwa machache, nayo ndiyo akiba ya ng'ombe. Mwisho wa mwaka 1997 na mwanzo wa 1998 mvua za El Niño zilizidi sana katika Afrika Mashariki. Miaka ya 1999 na 2000 sehemu nyingi zilipatwa na ukame. Mtu achomaye kwa desturi tu, bila kutazama majani yake, hawezi kufaulu katika miaka yote miwili.

Tazama nchi ya Tabora. Mvua hunyesha tangu Novemba hata Aprili, kisha ukavu hudumu karibu miezi sita. Moto wa Mei au Juni hukuta majani yangali na unyevu. Huenda polepole na kuacha mabaka yasiyoungua. Moto wa Septemba au Oktoba ni mkali. Hushinda vichaka, lakini huua miti michanga na kuacha udongo wazi, na mvua ya kwanza huuchukua.

Katika nchi ya Wamasai mvua ni za vuli na masika, na vuli mara nyingine hukosa. Achomaye malisho yote kwa kutumaini vuli huweka kundi lake lote hatarini.

Basi, shika haya:

1. Mvua zikiwa chache, usichome.
2. Usichome malisho yote. Acha sehemu iwe akiba.
3. Kwanza safisha ukanda wa kuzuia moto, uwaarifu majirani na wakuu wa kijiji. Choma jioni, upepo ukitulia.
4. Usilishe machipukizi upesi. Huota kwa nguvu iliyowekwa mizizini. Yakiliwa mara kwa mara kabla ya mvua, mizizi hudhoofika na majani mema hufa.

Kabla ya kuwasha moto, jiulize: mvua zikichelewa mwezi mmoja, ng'ombe wangu watakula nini? Ukikosa jibu, usiwashe.